Barua ya wazi kutoka Kariakoo: Ushuru tumelipa, pensheni iko wapi?

Kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na hifadhi ya jamii. Kwa Waziri mwenye dhamana ya maendeleo ya jamii na wazee. Na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

Itifaki inanitaka nianze kwa kuwaita Waheshimiwa, nami nimefanya hivyo. Umri nao una itifaki yake. Nimetimiza miaka 60, na kati yenu wapo ambao tukikutana Mtaa wa Msimbazi ingewapasa waniamkie kwanza. Basi tuhesabu kwamba shikamoo zenu nimezipokea. Marahaba. Tuendelee na kazi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilizaliwa Kariakoo, nikasoma hapahapa, nikarudi kufundisha hesabu watoto wa hapahapa. Soko lilipofunguliwa Desemba 1975, lile lililobuniwa na Beda Amuli, lenye paa la miavuli ya zege, nilikuwa na miaka kumi na baba alinishika mkono nisipotee kwenye umati. Baba alikuwa na meza ya nazi. Nawaeleza haya ili mjue kwamba ninayoandika sikuhadithiwa.

Niruhusuni nianze na raha, maana wastaafu wengi tukishika kalamu tunaanza na machozi. Siamki tena alfajiri kuwahi zamu. Sina azimio la kazi la kuandaa wala mkaguzi wa kumwogopa. Mchana nakaa barazani kwa muuza kahawa, kikombe kimoja na kipande cha kashata, tunabishana Simba na Yanga mpaka adhana ya alasiri inatutawanya. Ubishi huo una hadhi yake huku kwetu. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, na makao ya zote mbili ni mwendo wa mguu kutoka tulipokaa, moja Jangwani na nyingine Msimbazi, kwa hiyo kila mzee hapa anajiona mjumbe wa kamati ya usajili. Mtu akiwataja wachezaji wa Simba ya 1974, iliyofika nusu fainali ya Afrika, hakuna wa kumkatiza. Kijana akithubutu, anaagizwa kahawa ya wote.

Na si kahawa tu. Zamani kwenye vikao vya ukoo nilikaa mwishoni mwa mkeka na kazi yangu ilikuwa kuandika michango. Siku hizi mjadala ukikwama, mtu anageuka na kuuliza, “Mwalimu, unasemaje?” na chumba kizima kinanyamaza. Nimetumwa ushenga. Nimesuluhisha ndoa mbili zilizokuwa zimechacha, na moja iliyochacha zaidi nimeshindwa, lakini hata kushindwa kwangu kulipokelewa kwa heshima. Machinga niliowachapa kwa kutokujua tebo ya saba wananipunguzia bei, na mzigo ukiwa mzito wanaubeba mpaka mlangoni na hela wanakataa. Hakuna ofisi iliyowaagiza. Hawakuniomba kitambulisho wala cheti cha kuzaliwa kuthibitisha kwamba nimezeeka. Wameniona, basi.

Uchungu nao upo. Kengele ya shule naisikia nikiwa nyumbani, na mguu bado unataka kuinuka. Mke wangu ana ratiba zake za mchana ambazo miaka yote nilikuwa sizijui, na mwezi wa kwanza nilikaa pale sebuleni kama mgeni aliyegoma kuondoka, mpaka akaniuliza kwa upole kama sina pa kwenda. Usingizi unakatika saa tisa usiku. Maandishi ya kwenye chupa za dawa yamekuwa madogo, au yalikuwa madogo tangu zamani na mimi ndiye niliyekuwa na macho.

Halafu kuna kiinua mgongo. Habari za kiinua mgongo huwafikia ndugu kabla hela haijafika benki. Mpwa alikuja na hesabu za bajaji, shemeji akaja na mradi wa kuku wa mayai, na rafiki wa siku nyingi akakumbuka ghafla kwamba sisi ni marafiki wa siku nyingi. Akapiga simu na mtu nisiyemjua, sauti ya kistaarabu kabisa, akaniambia faili langu limekwama na likikwamuliwa kwa shilingi elfu hamsini nitalipwa wiki hiyohiyo. Alijua jina langu kamili na cheki namba yangu. Alizipata wapi, hilo ni la polisi. Nilichomwambia hakifai kuandikwa gazetini.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa sababu kikokotoo mmekitengeneza ninyi na mimi nimefundisha hesabu, tutaelewana.

Mwaka 2018 mifuko minne ya watumishi, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa ukazaliwa mfuko mmoja, PSSSF. Kanuni mpya ikaja na mkupuo, yaani malipo ya mara moja, wa asilimia 25. Kelele zikawa nyingi mpaka Rais Magufuli akaisimamisha tarehe 28 Desemba mwaka huohuo. Julai 2022 ikarudi kwa sura nyingine, mkupuo ukiwa asilimia 33, na katika bajeti ya 2024 mkaongeza ukawa asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu zamani, na 35 kwa wale wa robo.

Niandike ubaoni. Mchukueni mtumishi aliyetumika miaka 30, yaani miezi 360, mwenye mshahara wa kukokotolea wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. (Si mshahara wangu. Wangu sitausema, watoto wanasoma gazeti hili.) Kwa mwaka ni 14,400,000. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF unazidisha kwa 360, unagawanya kwa 540, unapata 9,600,000. Nusu yake unaizidisha kwa 15.5, na mtu anaondoka na mkupuo wa 74,400,000 na pensheni ya 400,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya sasa unagawanya kwa 580 na kuzidisha kwa 12.5, asilimia 40 inatoa mkupuo wa karibu 44,690,000 na pensheni ya mwezi ya karibu 446,900. Pensheni ya mwezi imeongezeka kwa kama 47,000. Mkupuo umepungua kwa kama milioni 29.7. Gawanyeni. Mstaafu huyo atalifidia pengo kwa nyongeza ile ya kila mwezi akikaribia umri wa miaka 113.

Hata hivyo sitawaomba mkirudishe kikokotoo cha zamani. Najua wenzangu watanuna. Mfuko unaotoa kuliko unavyoingiza haufiki mbali, na mikupuo mikubwa nimeiona ikiyeyuka: nyumba iliyoishia kwenye linta, bajaji mbili zilizokufa kabla ya mwenyewe kujua spea zinauzwa wapi. Kidogo kinachoingia kila mwezi mpaka siku ya kufa kina thamani ambayo mtu wa miaka 55 haioni na wa miaka 75 anaiona. Ningependa tu mumweleze mtumishi hesabu hii akiwa na miaka 40, kwa karatasi yenye jina lake na makadirio yake, asije akaikuta mlangoni wakati wa kutoka. Na kadi ya bima ya afya niliyokuwa nayo kazini inaendelea kutufanyia kazi, mimi na mke wangu. Kwa hilo nashukuru, na sikuandika barua hii kwa ajili yangu.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anaishi bibi ambaye kikokotoo hakimhusu. Aliingia sokoni kuuza viungo shimoni, kule ghorofa ya chini kabisa, soko likiwa bado linanuka rangi. Bizari, pilipili manga, iliki ya Zanzibar na ya bara akizitofautisha kwa kunusa gizani. Alisomesha watoto wanne kwa kijiko kile cha kupimia. Moto ulipozuka usiku wa Julai 10, 2021, soko likafungwa, wafanyabiashara wakatawanywa huku na huko, na yeye magoti yalikuwa yameshaanza kugoma. Hakurudi tena.

Alinionyesha bati la biskuti. Ndani yake kuna risiti za ushuru, zimefungwa mafungumafungu kwa raba za pesa, za juu zikiwa za mashine na wino wake umefifia mpaka karatasi imebaki nyeupe, za chini zikiwa za kuandikwa kwa mkono, kaboni ya buluu, sahihi ya mkusanyaji ambaye bila shaka naye amestaafu. Baadhi panya wamezionja. Aliniuliza swali moja, kwa sababu mimi ni mwalimu na mwalimu anajua mambo ya serikali: “Mwalimu, hizi haziwezi kunipa chochote?”

Nimelipeleka swali hilo kwenu kwa sababu mimi jibu sina.

Tazameni jambo lenyewe lilivyo. Kwenye mshahara wangu kulikatwa mchango kila mwezi, na mwajiri akaongeza wake, na nilipofika 60 sheria ikasema huyu alichangia, alipwe. Bibi alikatwa kila siku ya soko kwa zaidi ya miaka 40. Hakuchelewa, maana ukichelewa meza inapewa mtu mwingine. Hakukwepa, maana mkusanyaji anapita mwenyewe na kitabu chake. Mimi makato yangu yaliandikwa kwa jina langu. Yake hayakuandikwa jina lolote. Yalijenga mifereji, yalilipa mishahara, pengine yalichangia hata ule wangu, kisha yakaishia hapo. Kwa nini shilingi iliyokatwa kwenye dawati iwe mchango wa uzeeni na shilingi iliyokatwa kwenye meza ya viungo iwe ushuru tu? Nimetafuta sababu ya kihesabu, sijaiona.

Mtanijibu kwamba NSSF inapokea watu waliojiajiri, wachangie kwa hiari. Ni kweli, inapokea, na kila kijana anayenisikiliza namshauri aende. Lakini mimi nimezaliwa sokoni, nawajua watu wa sokoni. Hela ya sokoni haina siku ya kupumzika. Asubuhi ni mtaji, mchana ni kodi ya fremu, jioni ni rejesho la mkopo, usiku ni ada ya mtoto na mchango wa msiba. Hiari huja mwisho wa foleni hiyo na kukuta sanduku tupu. Ushuru haukosi, kwa sababu si hiari. Basi chumeni humohumo. Katika kila ushuru unaokatwa Kariakoo kwa siku, sehemu iandikwe kwa jina na namba ya NIDA ya aliyeulipa, iende kwenye akaunti yake ya uzeeni. Shilingi 500 tu kwa siku 300 za biashara ni 150,000 kwa mwaka; kwa miaka 40 ni milioni sita kabla ya kuhesabu faida ya uwekezaji. Mashine ya risiti anayotembea nayo mkusanyaji inaweza kuifanya kazi hiyo bila kuongeza hata karani mmoja. Nafasi kama hiyo mmewahi kuwa nayo mkononi. Mwishoni mwa 2018 vilipoanza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, machinga wa nchi nzima walijipanga na kulipa. Orodha ilikuwepo, majina yalikuwepo, hela ilikuwepo. Uzee wao haukukumbukwa kwenye ile 20,000.

Hilo ni la walio na nguvu leo. Bibi hana miaka 40 mingine ya kuchangia. Kwa ajili yake na wenzake naomba jambo la pili, ambalo mnalijua kuliko mimi, kwa kuwa mwaka 2010 Wizara ya Kazi yenyewe, ikishirikiana na shirika la HelpAge International, ilitoa utafiti kuhusu uwezekano wa pensheni kwa wazee wote Tanzania. Kabrasha hilo lipo. Lina umri sasa wa mtoto wa sekondari.

Wakati ninyi mnalisoma, wenzetu walianza kulipa. Pandeni boti pale bandarini asubuhi. Hamtamaliza saa mbili mtakuwa Unguja. Kule, tangu Aprili 2016, kila mzee aliyefikisha miaka 70 analipwa Pencheni Jamii na serikali, awe alikuwa mvuvi, mkulima wa mwani au hakuwa na kazi yenye jina. Walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye wakapandisha hadi 50,000. Hawamuulizi alichangia wapi. Kenya nao, katika mpango wa Inua Jamii, wanampa mwenye miaka 70 na kuendelea shilingi 2,000 za kwao kila mwezi. Zanzibar haina dhahabu ya Geita wala gesi ya Mnazi Bay wala bandari yenye foleni ya meli kama yetu. Na ni nchi moja na sisi, bendera moja na Rais mmoja wa Jamhuri. Dada yake bibi aliolewa Makunduchi na analipwa. Yeye aliolewa Kariakoo, halipwi. Mnielezee nikamweleze, maana swali hilo nalo ameshaniuliza.

Mtasema kuna TASAF na kaya maskini. TASAF ni jambo jema kwa wanaolengwa, lakini ili uingie inabidi kwanza mtaa ukutangaze kuwa fukara, na bibi huyu aliyesomesha watoto wanne hatasimama mbele ya mkutano wa mtaa kujitangaza fukara hata akilala na njaa. Nani kati yenu angefanya hivyo mbele ya watu aliowauzia viungo vya pilau la harusi zao? Anachodai ni cha mtu aliyelipa.

Niliwahi kumsindikiza hospitali moja hapa mjini. Kibao cha “Mpishe mzee kwanza” kilikuwepo, kimeandikwa vizuri, na kweli alipishwa. Kumwona daktari hakutozwa, kama Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilivyoahidi. Kisha akapewa karatasi ya dawa nne, akaambiwa tatu akanunue nje. Foleni aliiruka bure. Duka la dawa halina dirisha la wazee.

Sasa niseme jambo linalonikera kidogo, na mtanisamehe, uzee huruhusu. Nchi hii ina desturi nzuri: kiongozi akiwa na neno zito la kulitangazia taifa, huwaita Wazee wa Dar es Salaam. Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alikwenda Diamond Jubilee kuwaambia wazee kwamba tunakwenda kumpiga Idi Amin. Alipong'atuka 1985, akiwa na miaka 63, aliagana nao. Mei 2010 Rais Kikwete aliwaita kuzungumzia mgomo wa wafanyakazi. Mei 2021 Rais Samia, akiwa hajamaliza miezi miwili Ikulu, alikutana nao Mlimani City. Taifa zima hukaa mbele ya redio na televisheni kusikia wazee wa Dar es Salaam wameambiwa nini.

Hao wazee wanatoka wapi? Wengi wanatoka hukuhuku, Kariakoo, Gerezani, Ilala, Magomeni, mitaa ambamo TANU ilizaliwa na kulelewa. Baba zao walikaa kwenye mabaraza ya nyumba za vyumba sita zilizobomolewa moja baada ya nyingine zikainuka ghorofa za maduka. Wanavaa kanzu na baibui, wanaletewa basi, wanapiga makofi pale panapostahili, wanarudishwa. Mnawasikilizisha vizuri sana. Ningefurahi ikawepo na siku moja ya wao kuzungumza na nyinyi kukaa kwenye viti vya mbele mkiandika. Ajenda wanayo. Na wengine miongoni mwao waliwahi kuwa watumishi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika 1977. Miaka mingapi tuliwaona wakiandamana katika mitaa hii, mikongojo mkononi, kudai haki zao, huku wakipungua kila msimu? Hao walikuwa na ajira, mikataba na namba. Fikirini basi mwenye bati la biskuti.

Kwako Mkurugenzi wa Jiji, nina la pembeni, dogo kwa gharama na kubwa kwa wahusika. Ni choo. Wanaume wa umri wangu tuna kitu kinaitwa tezi dume, na wanawake wana yao, na wenye sukari wana yao. Sokoni na mitaa inayolizunguka, Kongo, Mchikichi, Sikukuu, Aggrey, mzee akibanwa ana njia mbili: choo cha kulipia, mia mbili au mia tatu kila anapoingia, mara nne au tano kwa asubuhi moja, au kuingia ndani ya duka la mtu na kujieleza. Nimeona wazee wenye heshima zao wakiacha kunywa maji tangu jana yake ili waweze kuja mjini. Mwaka 2025 mlizindua Kariakoo ya biashara saa 24, taa zikawaka, na mimi nisiyelala tangu saa tisa naziona. Saa 24 za biashara bila choo cha bure kwa wazee ni saa 24 za kubanwa. Anzeni na vichache, na mlinzi wa mlangoni asimwombe mtu kitambulisho, amtazame kichwa.

Na viti. Kutoka kituo cha mwendokasi cha Gerezani mpaka katikati ya soko hakuna mahali ambapo mtu mwenye magoti mabovu anaweza kuketi bila kuonekana mteja au mwizi. Njia za watembea kwa miguu zimejaa bidhaa, kwa hiyo tunatembea barabarani pamoja na guta, bodaboda na mikokoteni, na hakuna anayepiga honi kwa heshima. Wala msiitumie barua hii kuwafukuza machinga. Ni wanafunzi wangu na wana watoto. Wapangeni. Mita moja ya njia ikibaki wazi inatutosha, hatuna mbio. Katika daladala mwanafunzi ana nauli yake, mzee hana. Litazameni na hilo mkipata nafasi, lakini kama ni lazima mchague, chagueni choo.

Nirudi kwenye kubwa, nisije nikaonekana nimeandika barua ya vyoo. Ninyi wanasiasa hamna umri wa kustaafu kwa lazima. Mtumishi anatoka 60, akitaka mapema 55. Mbunge anaweza kuwa na 80, na kila Bunge likimaliza miaka mitano anapata kiinua mgongo chake. Siwaonei wivu. Nasema tu kwamba hiyo inawafanya muutazame uzee wa wengine kwa mbali, wakati wauza viungo, wapagazi na mama lishe nao hawastaafu, ila kwa sababu nyingine. Kuna kuli hapa Mkunguni aliyenizidi umri. Bado anabeba. Asubuhi hujifunga kiuno kwa kitambaa, anapiga goti moja, wenzake vijana wanamtwika gunia, na siku hizi wanamtwika lililopungua bila kumwambia, naye anajifanya hajui. Kwa umri huo angekuwa mwajiriwa wenu mngekuwa mmeshamuaga na kumpa cheti. Vijana wale, wasio na bajeti wala kamati, wamempunguzia mzigo kwa akili yao. Ninyi mna bajeti.

Kwa hiyo nataka tarehe. Sihitaji kuambiwa kwamba serikali inalifanyia kazi; nimekuwa mtumishi wa serikali, najua maana ya sentensi hiyo. Nataka nijue bajeti ipi itakuwa na kifungu cha pensheni ya wazee wa bara, ikianza hata na wenye miaka 75, hata kwa kiasi kile walichoanza nacho Zanzibar. Nataka nijue ni lini sehemu ya ushuru wa soko itaanza kuandikwa jina la anayeulipa. Kama jibu ni hapana, liandikeni hapana kwa sahihi na muhuri, nitalipeleka nyumba ya tatu na kulisoma mbele ya mwenyewe.

Jibu lije kwa maandishi, makubwa kidogo tafadhali. Au njooni wenyewe siku yoyote isiyo ya mechi ya watani, baada ya alasiri. Bibi atawaletea lile bati.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu,
Kariakoo, Dar es Salaam